KIKOMBE KIMOJA, ASUBUHI NZIMA

Sisi tuliosoma shule za bweni twaijua chai kwa haraka. Saa nne kengele yalia, twakimbilia dirisha la jikoni na vikombe mkononi, twatiliwa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari katika sufuria ambayo mtu mzima aweza kuoga ndani yake, na kabla haijapoa kengele ya pili imekwisha lia. Ndivyo tulivyozoea kuinywa chai: kwa kusimama, huku tukiipuliza. Siilaumu chai ile. Imenivusha katika hesabu nyingi ngumu. Lakini leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mji mmoja ambako watu hufanya kinyume kabisa.

Mji huo ni Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, kusini-magharibi ya nchi ya China. Huko mtu aweza kuingia nyumba ya chai saa mbili asubuhi, akalipia kikombe kimoja, akakaa nacho mpaka saa sita adhuhuri, asiulizwe na mtu yeyote kwa nini hajaondoka. Majani hayabadilishwi, ni yale yale aliyotiliwa asubuhi. Kinachoongezwa ni maji ya moto, nayo hayalipiwi tena. Nilikaa katika mji huo miaka mitatu kwa ajili ya masomo, na katika mambo yote niliyojifunza huko, hili la kukaa na kikombe kimoja ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulifahamu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Chai si neno geni kwa Wachina, maana ni lao. Wao husema cha. Neno hilo lilisafiri kwa nchi kavu pamoja na misafara ya biashara. Waajemi wakalitamka chay, likaenea kwa Waturuki, Warusi na Wahindi, na mwisho likafika kwetu likawa chai. Lakini watu wa Fujian, jimbo la pwani linalotazamana na kisiwa cha Taiwan, hulitamka te. Waholanzi waliokuja na merikebu zao katika karne ya 17 walilichukua neno hilo la pwani wakalipeleka Ulaya, ndiyo sababu Mwingereza na Mfaransa hawasemi kama tusemavyo sisi. Basi mara nyingi, kwa kulisikia neno tu, waweza kukisia kama chai ya watu fulani ilianza safari yake kwa ngamia au kwa merikebu. Nao Wachina waliandikapo neno hilo, juu huweka alama ya majani, katikati alama ya mtu, na chini alama ya mti.

Chengdu imejengwa katika uwanda wenye rutuba, unaonyweshwa na mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita nayo yafanya kazi hata leo. Chakula ni tele. Mbingu, walakini, ni za mawingu karibu mwaka mzima, hata Wachina wa majimbo mengine hufanya mzaha kwamba mbwa wa Sichuan hulibwekea jua kwa kuwa hawalijui. Jua likitoka, mji wote hutoka nje. Huwaona wazee, wanafunzi, mama na watoto, makarani walioiba nusu saa kazini, wote waelekea bustanini, na katika kila bustani pana nyumba ya chai. Iliyo mashuhuri kuliko zote imo katika Bustani ya Watu, katikati ya mji, kando ya ziwa dogo. Yaitwa Heming, maana yake mlio wa korongo, nayo imekuwapo kwa muda wa miaka 100 hivi. Usidhani ni jumba la fahari. Ni paa, miti, meza fupi, na mamia ya viti vya mianzi vyenye mikono na egemeo, ambavyo hulia kila mtu anapojigeuza. Kiti hicho ndicho siri ya kwanza. Katika kiti cha mbao mtu hukaa. Katika kiti cha mwanzi hulala nusu.

Siku ya kwanza niliaibika. Niliketi, nikaletewa bakuli dogo la kaure lenye kifuniko, limewekwa juu ya kisahani. Nikatafuta sukari kwa macho, sikuiona. Nikafunua, nikanywa kama ninywavyo kwetu, kinywa kikajaa majani. Mtumishi akaja na birika akajaza tena. Nikadhani ni lazima nimalize, nikamaliza. Akajaza tena. Nilipofika bakuli la nne nikitokwa na jasho, mzee mmoja wa meza ya pili, aliyekuwa akiniangalia muda wote huo, akaniuliza, “Kijana, nani anakukimbiza?” Akasogeza kiti chake, akanifundisha.

Bakuli lile huitwa gaiwan, yaani bakuli la kifuniko. Lina vipande vitatu, na Wachina hulifananisha na ulimwengu: kifuniko ni mbingu, kisahani ni nchi, na bakuli katikati ni mwanadamu. Hulishikwi bakuli lenyewe, maana litakuchoma. Hushikwa kisahani kwa mkono wa kushoto, na bakuli juu yake. Mkono wa kulia hushika kishikio cha kifuniko, nacho hupitishwa polepole juu ya maji, kuyasukuma majani yaende upande wa pili. Ukiona chai imekuwa nyepesi, kizamishe kifuniko kidogo ukoroge mara moja; majani ya chini yatapanda na chai itakolea. Kisha kilaze kifuniko juu ya bakuli kwa upande, uache ufa mwembamba, ndipo unywe kwa kupitia ufa ule. Majani hubaki ndani. Na kabla ya kunywa, kinuse kifuniko kwa upande wa chini, kwa sababu harufu hupanda na mvuke na kukusanyika pale. Mzee yule alinusa kwanza kila mara, hata maji yalipojazwa mara ya sita, wakati ambapo mimi sikusikia harufu yoyote tena.

Yasimuliwa kwamba hata kisahani kilibuniwa Chengdu. Katika miaka ya 780 palikuwa na mtawala wa jimbo, jina lake Cui Ning, na binti yake alipenda chai lakini kikombe kilimchoma vidole. Akakiweka juu ya kisahani, kikateleza alipoinama kunywa. Akayeyusha nta, akaizungusha katikati ya kisahani, kikombe kikatulia ndani ya duara la nta. Baadaye fundi akamfanyizia kisahani chenye duara la kudumu. Kama ni kweli au ni hadithi tu, kila kisahani cha gaiwan mpaka leo kina kishimo katikati, na bakuli hukaa humo barabara.

Sasa, ni chai gani hiyo? Mmea ni ule ule. Mche wa chai ulioletwa katika bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1900, na ile michai inayofunika vilima vya Fort Portal na Kericho, yote ni ya jamii moja na michai ya China, ijapokuwa mingi ya kwetu ni ya namna ya Assam, yenye majani makubwa. Tofauti imo katika mikono. Jani la chai likikwisha kuchumwa huanza kubadilika, kama vile ndizi iliyomenywa inavyobadilika rangi. Viwanda vyetu huliacha linyauke, hulisagasaga ili libadilike kabisa, kisha hulikausha, na kwa hiyo chai yetu ni nyeusi na kali, yaweza kustahimili maziwa. Wachina wa Sichuan hufanya kinyume. Jani bichi hutiwa upesi katika karai la chuma lenye moto, na joto hilo huzuia badiliko lile. Jani hubaki kijani, na ladha yake ni nyororo, ina utamu wa mbali na uchungu kidogo. Ukiitia maziwa chai kama hiyo umeiua. Ukiichemsha sufuriani umeiua mara mbili.

Lakini watu wa Chengdu hupenda zaidi chai ya kijani iliyotiwa harufu ya asumini, na hapa yafaa nikae kidogo, kwa maana kazi yake ni ya ajabu. Majani ya chai huchumwa wakati wa machipuko ya mwaka, nayo asumini huchanua wakati wa joto. Kwa hiyo majani hutengenezwa, hukaushwa, na kuwekwa yasubiri maua. Maua huchumwa mchana wa jua, yakiwa bado vitumba vyeupe, kwa sababu asumini hufunguka usiku, na harufu yake huitoa usiku. Jioni vitumba vikianza kufunguka huchanganywa na majani makavu, navyo huachwa pamoja usiku kucha. Jani kavu la chai hunyonya harufu upesi mno. Mama aliyewahi kuweka chai kabatini karibu na vitunguu ajua msiba huo. Asubuhi maua yaliyochoka hupepetwa na kutolewa, na majani hukaushwa tena kwa moto, kwa kuwa yamenyonya unyevu wa maua pia. Chai ya bei rahisi huishia hapo. Iliyo bora hurudishiwa maua mapya usiku mwingine, na mwingine, mara tatu, nne, hata zaidi. Mwisho wa kazi hakuna ua hata moja ndani yake. Pana harufu tu. Namna moja ya Sichuan huachiwa petali chache kwa ajili ya macho, na jina lake maana yake ni theluji ielayo juu ya kidimbwi cha kijani. Wasomaji wetu wenye jamaa pwani, ambako asumini hutungwa katika vikuba na kuvaliwa na wanawake usiku wa harusi, watajua mara moja kwa nini mtu aweza kukaa saa nne akinusa kifuniko.

Kama msomaji ataka kujaribu, na wala hana gaiwan, achukue bakuli dogo la udongo au kikombe kipana, na kisahani cha kufunikia. Atie majani kiasi cha kijiko cha chai kimoja na nusu, kama gramu 3. Asitumie maji yanayotokota. Ayachemshe, ayaache yapoe dakika chache, kisha amimine maji kidogo tu ya kuyalowesha majani, anuse, halafu ajaze. Afunike kwa muda wa dakika mbili au tatu. Na hili ndilo alilonikaripia mzee mara nyingi: asinywe mpaka mwisho. Theluthi moja ibaki bakulini, nayo huwa kama mama wa bakuli linalofuata. Maji mapya yakimwagwa juu yake chai haipungui nguvu ghafula. Anayekausha bakuli, la pili lake litakuwa maji matupu. Kwa njia hii majani yale yale yatamtosha mara tatu au nne kwa ladha nzuri, na baada ya hapo kwa mazungumzo tu.

Mazungumzo ndiyo sababu ya nyumba zile. Habari za chai ya Sichuan ni za kale sana. Mwaka 59 kabla ya Kristo mtu aitwaye Wang Bao aliandika, nusu kwa mzaha, mapatano ya kumnunua mtumwa, na katika kazi nyingi alizompangia mtumwa huyo, mojawapo ni kuchemsha chai na kuosha vyombo vyake, na nyingine ni kwenda soko la Wuyang, si mbali na Chengdu, kununua chai. Basi katika maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo juu ya kununua chai, mmoja anywa na mwingine yu njiani na mzigo. Nalitaja jambo hilo kwa kuwa ni rahisi kusifu starehe na kuwasahau wanaoitengeneza. Sisi tulio na ndugu katika mashamba ya chai hatuna udhuru wa kusahau. Lakini nyumba za chai za Chengdu zilikuja kufanya kitu ambacho Wang Bao hakukifikiri: zilimpa hata mchukuzi wa mizigo kiti.

Mwaka 1909 mji huo ulikuwa na nyumba za chai zaidi ya 450, na mitaa yake haikuzidi sana 500. Karibu kila mtaa na nyumba yake. Maji ya visima vya mjini yalikuwa na chumvichumvi, kwa hiyo wachukuzi waliteka maji mtoni na kuyaleta kwa miti mabegani, na wenye nyumba waliandika mlangoni kwamba chai yao ni ya maji ya mto. Kuni zilikuwa ghali, na maskini wengi hawakuweza kuwasha moto kwa ajili ya maji tu. Walikuja na birika zao kununua maji ya moto kwenye nyumba ya chai, senti chache, wakarudi kwao kunawa uso. Mafundi wasio na duka walikaa pale kungoja kazi. Wafanya biashara walionyeshana sampuli za mchele pale. Kinyozi alinyoa pale. Msafisha masikio alipita, na bado hupita hata leo, na vijiti vyake vyembamba na koleo la chuma analolipiga likalia kama nyuki, ili watu wajue kwamba amefika. (Nilimruhusu mara moja. Sitasema zaidi.)

Mwenye kumimina maji waliita cha boshi, yaani daktari wa chai, kwa heshima na kwa utani. Boshi ndilo neno lile lile apewalo leo mtu aliyehitimu shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, nami nikiwa mwanafunzi niliona ni haki. Fundi wa kweli alikuja na mabakuli kumi au zaidi yamepangwa mkononi, akatupa visahani mezani kila kimoja kikazunguka na kusimama mbele ya mwenyewe, akaweka mabakuli, akamimina kutoka juu bila kumwaga tone, na kwa kidole chake cha mwisho akafunika. Leo wako wanaocheza na birika za shaba zenye mdomo mrefu kama fimbo mbele ya watalii. Huo ni mchezo mzuri, lakini chai si bora kuliko iliyomiminwa kwa birika la kawaida.

Palikuwa na desturi mbili nizipendazo. Ya kwanza: mtu akiingia na rafiki zake wamekwisha keti, wote kwa pamoja hupaza sauti, “Chai yake nalipa mimi!” Kila mmoja hunyosha fedha, na daktari wa chai ni lazima ajue papo hapo achukue ya nani, bila kumvunjia heshima mwingine. Kuna aliyepaza sauti akiomba moyoni asichaguliwe, na daktari mzuri alimjua.

Ya pili ni chai ya shauri. Watu wawili wakigombana, juu ya deni au mpaka au maneno ya matusi, hawakukimbilia mahakama, ambako gharama ni kubwa na hakimu hamjui mtu. Walikubaliana siku, wakaenda nyumba ya chai na majirani zao, wakamwomba mzee mwenye sifa asikilize. Kila upande ulisema mbele ya watu wote waliokuwamo, hata wasiohusika. Yule aliyeonekana mkosaji aliomba radhi na kulipa chai ya wote. Si kila shauri liliisha kwa amani; mara nyingine mabakuli yaliruka, na serikali ilijaribu kuipiga marufuku desturi hiyo bila kufaulu sana. Kwetu, katika nchi hizi za jirani, neno chai limepata maana ya aibu: mkubwa akikuambia umtafutie chai, wajua kwamba kiu yake haitulizwi kwa birika. Kule chai ya shauri ililipwa hadharani, baada ya hukumu, na ikanywewa na mashahidi.

Nisiwapambie mno wasomaji. Wanawake hawakukaribishwa katika nyumba zile mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza kwa masharti. Kamari ilichezwa. Na tangu hapo wako waliosema kwamba starehe hiyo yaharibu nchi. Wakuu waliotaka maendeleo mwanzoni mwa karne ile waliziona nyumba za chai kuwa ni mahali pa uvivu na porojo, wakaziwekea kodi na kanuni. Vita ya Wajapani ilipoanza mwaka 1937, watu wengi wa mashariki walikimbilia Sichuan, nao walishangaa: nchi yateketea, na hawa wamelala katika viti vya mwanzi! Magazeti yalijaa hoja. Wenyeji walijibu kwamba nusu ya hao walalao wamo kazini, waagana bei, wasoma gazeti, wangoja kuajiriwa, na nusu nyingine wamekwisha fanya kazi yao, sasa wapumzika, kwani mtu apumzike wapi kama nyumbani kwake ni chumba kimoja chenye giza?

Swali hilo la mwisho mimi sijaona aliyelijibu. Mtu mwenye bustani na sebule hahitaji nyumba ya chai. Anaposema kwamba maskini wapoteza muda huko, asema akiwa ameketi kwake. Nilipokuwa mwanafunzi hapa niliamini kwamba kila saa isiyo na kitabu imeibwa. Bado naamini kwamba mitihani haipitwi kwa kunusa kifuniko. Lakini mzee wa meza ya pili alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka 38, na hakuna mtu awezaye kuniambia kwamba asubuhi ile haikuwa yake.

Nayo starehe hiyo ilipata kukatika kweli. Mwandishi Lao She wa Peking aliandika mwaka 1957 mchezo wa kuigiza uitwao Nyumba ya Chai, unaoonyesha nyumba moja katika nyakati tatu, kuanzia mwaka 1898, na katika kila sehemu tangazo la ukutani linalowakataza wateja kuzungumza mambo ya serikali lazidi kuwa kubwa. Agosti mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza, mwandishi huyo alipigwa na kuaibishwa mbele ya watu, na kesho yake akafa ziwani. Katika miaka ile nyumba za chai za Chengdu, ambazo zilikuwa zimekwisha pungua, zilifungwa; kukaa bure kulikuwa kosa, na kukaa wengi pamoja mkizungumza lilikuwa kosa kubwa zaidi. Watu walikunywa chai nyumbani, mlango umefungwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 zilirudi moja moja, kisha kwa wingi kuliko hata zile za mwaka 1909. Mwaka 2022 UNESCO iliiandika chai ya China, utengenezaji wake na desturi za kuinywa, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mzee wangu alipoambiwa hivyo alisema kwamba ni vema, kisha akauliza kama maji yatapanda bei.

Kuna neno moja la Kichina ambalo husikika sana bustanini humo: xian, yaani nafasi, wakati usiodaiwa na mtu. Zamani waliliandika kwa kuchora mlango, na katikati ya mlango mwezi: mtu amefungua mlango wake usiku, auona mwezi, wala hana mahali pa kukimbilia. Siku hizi ndani ya mlango huandika mti.

Ikiwa wewe msomaji utafika Chengdu, jua ishara za kifuniko, maana hutaki kupiga kelele kama mimi. Ukitaka maji, kiegemeze kifuniko kando ya bakuli, juu ya kisahani. Daktari atakiona kutoka mbali. Ukitaka kuondoka kabisa, kigeuze kifuniko ukilaze ndani ya bakuli, mgongo chini, naye atajua ya kuwa umekwisha. Na kama watoka kidogo tu, kumpokea mtoto shuleni au kununua mboga sokoni, funika bakuli, uweke juu ya kifuniko kitu chochote kidogo, hata jani lililoanguka mtini. Desturi ya zamani ni kwamba hakuna atakayekalia kiti chako, na ukirudi utakuta theluthi ya chai yako ingali pale inangoja maji.